Mbwa "safi" ni yupi?

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msomaji, juma hili sitazungumzia bei ya vitu wala mikutano ya wakubwa. Nitazungumzia mbwa, na kidogo paka. Najua wapo watakaocheka na kusema kwamba mwandishi huyu ameishiwa habari, ati katika jiji lenye foleni na mgawo wa maji yeye anakaa kuwaza mambo ya mbwa. Nawaomba hao wanivumilie, maana jambo lenyewe limenigusa mimi mwenyewe, na katika jambo hili mimi ndiye mkosaji.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mbwa wawili wa aina ya German Shepherd, dume na jike, kutoka kwa wafugaji wawili tofauti hapa jijini. Dume nilimwita Sultani na jike nikamwita Malkia. Nia yangu ya kwanza ilikuwa ulinzi. Lakini Malkia alipozaa watoto sita, na majirani wakaja wakiulizia bei kabla hata watoto hawajafumbua macho, niligundua kwamba pale uani nilikuwa na mradi. Watoto watano niliwauza na mmoja, jike, nikambakiza. Huyo tulimwita Zawadi.

Malkia hakuishi sana baada ya hapo. Miaka yake ya mwisho alikuwa akichechemea mguu wa nyuma, na kila alipotaka kuinuka asubuhi alijikongoja kama bibi kizee. Mimi nilisema ni uzee. Alipokufa wateja walikuwa bado wanapiga simu, na wote walikuwa na sharti moja: tunataka mbwa safi, asiyechanganywa. Dume jingine "safi" lilikuwa mbali, na mwenyewe alitaka fedha nyingi kwa kulipandisha. Sultani alikuwapo palepale uani. Basi nikampandisha Zawadi kwa baba yake mzazi.

Wakazaliwa watano, wazuri wa kutazama, masikio yamesimama, migongo imeteremka kama inavyotakiwa. Fedha niliyoipata ililipa ada ya shule ya muhula mzima. Sikuwaza tena.

Miezi kumi baadaye nilisikia hodi getini. Alikuwa mwalimu mstaafu, mmoja wa wale walionunua. Alikuja na teksi, na mbwa wake amelazwa kiti cha nyuma juu ya gunia. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba kwa utaratibu wake uleule wa darasani, kisha akaniambia, "Kijana wangu, huyu hawezi kuinuka." Tulikwenda pamoja kwa daktari wa mifugo. Ikapigwa picha ya eksirei, na daktari akatuonyesha: kichwa cha mfupa wa paja hakikukaa sawasawa ndani ya tundu la nyonga. Mbwa kila anapopiga hatua mfupa unachezacheza na kusagana. Daktari akauliza kama wazazi wa mbwa huyu walikuwa na tatizo la miguu. Nikamkumbuka Malkia.

Mwalimu hakunidai fedha yake. Aliniuliza neno moja tu tulipotoka nje: "Ulijua?"

Nilimjibu kwamba sikujua, na ilikuwa kweli. Lakini jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe, nikaanza kusoma na kuuliza wataalamu. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Kuchagua mbegu si dhambi mpya

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Mkulima anapovuna mahindi huchagua magunzi makubwa yenye punje zilizojaa, akayaning'iniza juu ya moshi wa jikoni yawe mbegu ya mwakani. Mfugaji humwachia zizini dume ambaye mama yake alikuwa na maziwa mengi. Binadamu amefanya hivyo tangu zamani sana. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa wote duniani, kuanzia yule mkubwa kama ndama hadi yule wa kubebwa kwenye mkoba, asili yao ni mbwamwitu, na kwamba mbwa amekuwa akiishi na binadamu kwa miaka isiyopungua 15,000.

Kwa sehemu kubwa ya muda huo mbwa alichaguliwa kwa kazi yake. Aliyewinda vizuri alitunzwa na kuachwa azae, asiyeweza, hakutunzwa. Sura yake haikumshughulisha mtu. Mambo yalibadilika huko Uingereza katika karne ya 19. Mwaka 1859 yalifanyika maonyesho ya mbwa katika mji wa Newcastle, na mwaka 1873 ikaanzishwa huko London jumuiya iitwayo Kennel Club, kazi yake ikiwa ni kusimamia maonyesho na kuandika vitabu vya koo za mbwa. Kila aina ya mbwa ikaandikiwa maelezo ya namna anavyopasa kuwa: urefu, rangi, mkia, umbo la kichwa. Na kitabu cha ukoo kikafungwa. Maana yake ni kwamba ili mtoto wa mbwa aandikwe, ni lazima baba na mama yake wawe wameandikwa. Wa nje haingii, hata awe na afya na akili namna gani.

Hapo ndipo neno "safi" lilipozaliwa, neno hili ambalo wateja wangu walikuwa wakilitamka getini kwangu bila kujua limetoka wapi.

Kwa nini ukoo uliofungwa huleta maradhi

Ili kulielewa jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Sote tunaujua ugonjwa wa siko seli. Mtu anaweza kuwa amebeba chembe moja ya urithi ya ugonjwa huo na akaishi maisha yake yote mzima, kwa sababu chembe nyingine aliyoirithi kwa mzazi wa pili ni nzima na inafanya kazi. Tatizo huja pale wabebaji wawili wanapozaa. Kila mtoto wao ana bahati mbaya ya moja katika nne ya kurithi chembe mbovu kutoka pande zote mbili, na huyo ndiye anayeugua.

Mbwa ni hivyo hivyo. Kila mbwa hubeba chembe kadhaa mbovu zilizojificha. Akizaa na mbwa wa ukoo wa mbali, uwezekano wa wote wawili kuwa na chembe mbovu ya namna ileile ni mdogo. Lakini baba akipandwa na bintiye mambo hubadilika. Ikiwa baba ana chembe mbovu moja, binti ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo pia, kwa kuwa nusu ya urithi wake wote ameutoa kwa baba huyo huyo. Tunakuwa tumeikutanisha chembe na nakala yake kwa makusudi.

Sasa chukua jambo hilo ulizidishe kwa miaka mia moja na zaidi. Dume mmoja akishinda kombe kwenye maonyesho, kila mtu anataka mbegu yake. Huyo mmoja anakuwa baba wa mamia. Wajukuu zake wanapandishwa wao kwa wao, kwa kuwa kitabu kimefungwa na hakuna pengine pa kwenda. Unaweza kuwa na maelfu ya mbwa wa aina moja, lakini kwa damu ni kama familia moja.

Kuhusu ugonjwa wa nyonga uliompata mbwa wa Mwalimu, daktari alinieleza kwa uaminifu kwamba hautokani na chembe moja kama siko seli. Chembe nyingi zinahusika, na hata ulishaji na uzito wakati wa kukua vina sehemu yake. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kumpandisha Zawadi kwa baba yake peke yake ndiko kulikomvunja yule mbwa. Lakini mama anayechechemea hapaswi kuzalishwa, na binti yake hapaswi kuzalishwa kabla nyonga zake hazijapimwa. Hayo nilipaswa kuyajua kabla ya kupokea fedha ya mtu.

Uzuri unaoziba pumzi

Lipo jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. La kwanza ni ugonjwa unaojificha. Mfugaji anaweza kusema hakuuona. La pili ni pale kasoro yenyewe inapokuwa ndiyo uzuri unaotafutwa.

Mchukue mbwa aitwaye buldogi. Zamani alifugwa Uingereza kwa mchezo wa kikatili wa kupambana na fahali. Mchezo huo ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835. Kazi ikaisha, mbwa akabaki, na watu wakaanza kumchagua kwa sura. Pua ikafupishwa kizazi baada ya kizazi, kichwa kikakuzwa, ngozi ikaachwa ikunjamane. Leo buldogi, na jamaa zake kama yule wa Kifaransa na yule mdogo aitwaye pagi, wana uso bapa kama wa mtoto mchanga, macho makubwa ya duara, na watu huwapenda papo hapo.

Lakini mfupa wa pua unapofupishwa, nyama za ndani hazifupiki kwa kiasi kilekile. Kaakaa laini linakuwa refu mno kwa mdomo ule, linaning'inia na kuziba njia ya hewa. Matundu ya pua yanakuwa mithili ya mistari miwili. Ile sauti ya kukoroma ambayo wenye mbwa hao huiona ni kichekesho ni sauti ya mnyama anayepigania pumzi. Na mbwa, tofauti na sisi, hapozi mwili wake kwa kutoka jasho ngozi nzima. Hupoza kwa kuhema. Asiyeweza kuhema hawezi kupoa. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hukataa kuwabeba mbwa wa namna hii katika sehemu ya mizigo.

Vichwa vyao navyo ni tatizo. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa buldogi, zaidi ya uzazi 80 katika kila 100 ulikuwa wa kupasuliwa. Tafakari, msomaji: tumemtengeneza mnyama ambaye, bila daktari na kisu, sehemu kubwa ya ukoo wake ungekwisha katika kizazi kimoja.

Paka nao hawakusalimika. Mwaka 1961 huko Scotland, kwenye shamba moja la mkoa wa Perthshire, alionekana paka jike aliyeitwa Susie, masikio yake yamekunjika kuelekea mbele kama kofia. Watu wakampenda, wakamzalisha, ikawa aina mpya inayouzwa ghali. Baadaye ikajulikana kwamba chembe inayokunja sikio hailegezi gegedu la sikio tu, bali huharibu gegedu la mwili mzima, kwenye mkia, kwenye miguu na kwenye viungo. Paka anayependwa kwa kukaa kimya pengine amekaa kimya kwa sababu kutembea kunamuuma.

Mbwa wa Congo waliowaokoa ndugu zao

Katika kusoma kwangu nilikutana na kisa kimoja ambacho sisi wa Afrika tungefaa kukijua.

Kaskazini-mashariki mwa Congo wapo mbwa wadogo, wenye masikio ya kusimama na mkia uliojiviringa, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele za mbao shingoni ili wasiwapoteze msituni. Wazungu waliwachukua mbwa hao, na katika miaka ya 1930 wakafanikiwa kuwazalisha Uingereza, na baadaye Marekani. Wakawapa jina la Basenji. Msikilizaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo halimpiti: linatokana na neno la Kilingala lililo jamaa na neno letu "washenzi". Kwa maneno mengine, mbwa wa kienyeji, wa watu wa vijijini. Huyo ndiye aliyeingizwa kwenye kitabu cha heshima na kufungiwa humo.

Waliochukuliwa walikuwa wachache mno. Ukoo mzima wa Ulaya na Marekani ulitoka kwa mbwa wa kuhesabika. Kwanza ukajitokeza ugonjwa wa upungufu wa damu. Wafugaji wakapata kipimo, wakawaondoa wote waliobeba chembe hiyo. Lilikuwa jambo jema, lakini ukoo uliokuwa mwembamba ukazidi kuwa mwembamba, na nyuma yake ukajitokeza ugonjwa mwingine wa figo, ambao humfanya mbwa apoteze sukari na virutubisho katika mkojo na kunywa maji bila kukata kiu.

Mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walifunga safari kwenda Zaire, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati huo, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wale wale ambao kwa mwenyeji ni mbwa tu wa kuwindia. Wakarudi na baadhi yao, na mwaka 1990 American Kennel Club ikakifungua kitabu ili wapya waingizwe. Baadaye, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Missouri kikatoa kipimo cha kwanza cha kuonyesha mbwa mwenye uwezekano wa kubeba ugonjwa ule wa figo, na mwaka 2011 kikatoa kilicho bora zaidi.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu moja. Yule mbwa "safi" aliokolewa na mbwa koko. Sisi hapa mjini tunamrushia jiwe mbwa koko, kisha tunakwenda kulipa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mbwa ambaye vitabu vyake vinasema hajachanganywa.

Basi tuchanganye tu?

Kutokana na hayo, mtu anaweza kusema: kumbe dawa ni kuchanganya. Si rahisi hivyo. Kuchanganya nako kuna kwa wema na kwa tamaa.

Mfano wa wema ni mbwa wa Dalmatian, yule mweupe mwenye madoa meusi. Ilifika mahali Dalmatian wote walioandikwa walikuwa na kasoro moja ya urithi inayojaza mkojo wao tindikali ya yuriki, na baadhi yao hupata mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer, mara moja tu, kisha watoto na wajukuu akaendelea kuwapandisha na Dalmatian. Baada ya vizazi kadhaa walikuwa na madoa kama kawaida na mkojo wao mzima. Lakini wenye vitabu waliwakataa kwa miaka mingi, kwa sababu bibi wa mabibi yao hakuwa "safi". Walikubaliwa Marekani mwaka 2011. Ukihesabu utaona ni miaka 38.

Mfano wa upande wa pili unatuhusu moja kwa moja. Sote tunamjua mondo, paka mwitu wa mbuga zetu, mwenye miguu mirefu, masikio makubwa na madoa, ambaye huruka juu kumdaka ndege. Ukienda Serengeti au Ngorongoro unaweza kumwona kwenye majani marefu. Mwaka 1986 huko Marekani alizaliwa mtoto wa mondo dume na paka jike wa nyumbani. Kutokana na uchanganyaji huo ikatengenezwa aina inayoitwa Savannah, na wale walio karibu zaidi na mondo huuzwa kwa maelfu ya dola.

Ugumu wake ni upi? Kwanza, mondo dume anaweza kufika kilo 18 wakati paka wa nyumbani ana kilo nne au tano. Pili, mondo hubeba mimba kwa siku kama 74, paka siku kama 65, kwa hiyo watoto wanaweza kuzaliwa kabla ya wakati wao. Tatu, madume wa vizazi vya mwanzo huwa tasa. Nne, na ndilo kubwa, mnyama anayezaliwa si wa porini na si wa nyumbani. Anataka kuzurura eneo kubwa, anaweka alama kwa mkojo sebuleni, na mwenye nyumba aliyevutiwa na madoa anachoka naye. Australia ilikataa kuwaingiza paka hao mwaka 2008, kwa hofu kwamba wakitoroka watawamaliza wanyama wadogo wa huko. Hapa kwetu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na mimi nasema ni vyema. Mondo mahali pake ni mbugani.

Kwa hiyo swali si kama umechanganya au hukuchanganya. Swali ni hili: mnyama atakayezaliwa, mwili wake na tabia yake vitampa maisha mazuri yeye, au vitatupa fahari sisi?

Hoja za upande mwingine

Haitakuwa haki nikimaliza bila kuzitaja hoja za wanaopinga.

Wapo wanaosema: mbona kuku wa kisasa na ng'ombe wa maziwa hamuwasemi? Hoja hiyo ina uzito. Kuku wa nyama amechaguliwa akue upesi kiasi kwamba miguu yake wakati mwingine haimudu uzito wake, na jambo hilo nalo linastahili mazungumzo yake. Lakini kwa kuku angalau tunaweza kusema tunatafuta chakula. Kwa pua bapa ya mbwa tunatafuta nini?

Wapo wanaosema: bila uzalishaji huo, mbwa hao wasingekuwapo kabisa, si afadhali kuishi kwa kukoroma kuliko kutoishi? Mimi hujibu kwamba ambaye hajazaliwa hatudai kitu. Anayedai ni yule atakayezaliwa, na mfugaji ana hiari ya kuchagua wazazi wake. Anaweza kumchagua dume mwenye pua ndefu kidogo kuliko ya jirani. Hakuna anayemlazimisha kwenda upande wa pili.

Wapo wanaosema, na hawa ndio walionigusa zaidi: hii ni riziki. Kijana anayesimama kando ya barabara na watoto wa mbwa ndani ya boksi anatafuta mlo. Naelewa, maana mimi mwenyewe nililipa ada kwa fedha hiyo. Lakini aliyeuza unga wenye mchanga naye alikuwa anatafuta riziki. Na hapa kuna la ziada: waliotaka kulipia sura ni wanunuzi. Wanunuzi wakibadilika, wauzaji hubadilika.

Wenzetu wameanza. Mwaka 2008 filamu ya BBC ilionyesha mateso ya mbwa wa maonyesho, na tangu mwaka 2009 Kennel Club ya Uingereza haiandiki tena watoto waliozaliwa kwa baba na binti, mama na mwana, au kaka na dada. Mtoto wa Zawadi asingeandikwa. Uholanzi imeweka kanuni za kuzuia kuzalisha wanyama kwa namna inayowadhuru, ukiwamo ufupi wa pua. Norwei ilifika mahakamani: mwaka 2022 mahakama ya Oslo iliona kwamba kuzalisha buldogi na mbwa mwingine, Cavalier King Charles, mwenye matatizo makubwa ya moyo na fuvu dogo kwa ubongo wake, ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Katika rufaa wa buldogi walishinda, lakini kwa Cavalier Mahakama ya Juu ilithibitisha marufuku hiyo mwaka 2023.

Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Watu wengi wakiisikia huwaza fimbo na mzigo mkubwa juu ya punda. Ni mara chache tunawaza kwamba mateso yanaweza kupangwa kabla mnyama hajazaliwa.

La kufanya

Kwa msomaji anayetaka mbwa, nina ushauri mchache. Omba kuwaona wazazi wote wawili, si picha zao kwenye simu. Waone wakitembea, wakikimbia, wakiinuka kutoka chini. Uliza wana undugu gani, na kama muuzaji akicheka swali hilo, ondoka. Kwa mbwa wakubwa uliza kama nyonga zimepigwa eksirei. Mbwa wa uso bapa, kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam wa mwezi wa Februari, nakushauri usimchukue kabisa, na usimnunue kwa kumwonea huruma, kwani kila anayenunuliwa huagiza mwenzake azaliwe. Na kama unataka mlinzi wa nyumba tu, mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, akashibishwa na kutendewa vizuri, anabweka kama wengine. Sisemi kwamba yeye haugui. Maisha ya mtaani yamemchuja kwa ukatili, na ndugu zake wengi walikufa wakiwa wadogo. Lakini huyo aliyebaki anapumua na anakimbia.

Kwa mfugaji: anayechechemea asizae, anayekoroma asizae, na wa damu moja wasikutanishwe. Ukikosa dume, subiri.

Nimalizie na habari za nyumbani. Zawadi amefungwa kizazi. Nilipompeleka kupigwa eksirei, nyonga yake ya kushoto ilionekana mbaya kama ya mama yake, ila yeye bado hajaanza kuchechemea. Wale wanne wengine niliowauza nimewafuatilia. Wawili wazima hadi leo, mmoja ameanza kusita kupanda ngazi, na mmoja mwenyewe amehama na sikumpata. Mbwa wa Mwalimu yuko hai. Anatembea asubuhi, ikifika jioni hulala. Dawa yake ya maumivu nainunua mimi kila mwezi, na kila nikiipeleka Mwalimu hunikaribisha chai. Lile swali lake hajaliuliza tena.

Wateja nao bado wanapiga simu. Juzi mmoja aliniuliza kama nina watoto safi. Nikamwambia mradi umefungwa, na nikaanza kumweleza sababu. Akakata simu kabla sijafika mbali. Basi nimeona niyaseme hapa, kwa wale wenye subira.

Tukutane juma lijalo, panapo majaaliwa.